Machozi ya Ugenini: Funzo kwa Anayeondoka na kwa Anayebaki



Hapa Isevya, katika jumuiya ndogondogo zetu, tunawaombea mara kwa mara watoto wetu walio mbali: anayesoma Ulaya, anayefanya kazi za ndani Oman, aliyehamia Marekani. Tunaomba wapate kazi na wafanikiwe. Ni mara chache tunaomba wapate mtu wa kuzungumza naye. Katika funzo hili tuutazame uchungu wa moyo wa anayeishi ugenini, na wajibu wetu sisi tuliobaki.

1. Uchungu huo si dhambi

Majuma ya kwanza mgeni hufurahia kila kitu. Kisha lugha humchosha, chakula hakimpendezi, naye akiugua hana wa kumkorogea uji. Wengine hukosa usingizi, wengine hukasirika bila sababu. Wapo wanaodhani imani yao imepungua. Sivyo. Zaburi ya 137 ni maombolezo ya watu waliohamishiwa Babeli, ambao uchungu uliwazuia hata kuimba nyimbo za kwao. Maombolezo hayo yamo katika Maandiko Matakatifu, nasi twayasali. Basi anayelia ugenini anaweza kulia mbele ya Mungu bila aibu.

2. Kulia na kupanda

Kwa watu haohao Yeremia aliandika barua (Yer 29:4-14). Walikuwapo manabii waliowadanganya kwamba watarudi upesi. Yeye aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wauombee amani mji waliohamishiwa. Hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Aliwaahidi kurudi baada ya miaka 70. Anayeishi kwa kuhesabu siku tu, bila rafiki wala shughuli ya moyo pale alipo, huumia zaidi.

3. Daktari Atiman wa Karema

Tunao mfano wa karibu. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika Magharibi. Akiwa mtoto alitekwa na kuvushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria. Alisomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa huko, na mwanawe Yosefu akawa padre. Kwao alikozaliwa hakurudi kuishi tena. Hakuchagua kuporwa utoto wake, wala hatusemi kwamba jeraha lile lilikuwa dogo. Lakini aliwapenda watu wa pale alipofikishwa, na leo hospitali mjini Sumbawanga ina jina lake.

4. Hekima ya njia ya misafara

Wazee wetu Wanyamwezi nao waliujua ugeni. Walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Walikwenda kwa makundi, wakiongozwa na kirangozi. Njiani na pwani walijenga utani na makabila mengine, wakiwamo Wazaramo. Mtani hukutania, lakini pia hukupa chakula, na ukifa hushughulika na mazishi yako. Kwa njia hiyo mpagazi aliyeugua mbali na kwao alikuwa na watu wa kumjali.

5. Tufanye nini?

Kwa anayeondoka: tafuta kanisa mapema. Muscat, kwa mfano, ina parokia za Kikatoliki Ruwi na Ghala, na waamini wengi huko husali Ijumaa, siku ya mapumziko. Kama kazi haikuruhusu kutoka, jiwekee saa ya sala na uwe na mtu mmjoa unayemwambia ukweli. Jifunze lugha ya wenyeji, hata salamu tu. Huzuni ikidumu majuma mengi, ukashindwa kula au kulala, au ukiwaza kujiua, mwambie mtu siku hiyohiyo na umwone daktari. Kumwona daktari si kukosa imani.

Kwa tuliobaki: tukiri kosa letu. Mtoto akipiga simu, twaanza na ada ya shule, bati na mbolea. Naye, kwa kutotaka kutuvunja moyo, hujibu kwamba hajambo, hutuma picha nzuri, kisha hukata simu na kulia. Tumezoea kumpongeza anayetuma fedha na kumcheka anayerudi mikono mitupu. Kwa kicheko hicho tunamfungia mlango mtoto anayeteswa, naye huona afadhali kuteseka kuliko kurudi. Tumwambie mapema, kabla hajapanda treni, kwamba nyumba ni yake hata akirudi bila kitu. Baba wa mwana mpotevu (Lk 15) hakuuliza mtoto ameleta nini.

Hitimisho

Familia Takatifu ilikimbilia Misri (Mt 2:13-15). Mwana wa Mungu alikuwa mkimbizi angali mtoto mchanga, kwa hiyo hakuna mgeni asiye na mwenzake katika Kristo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:
1. Mara ya mwisho tulipoongea na ndugu aliye mbali, tulimuuliza nini kwanza?
2. Ni nani mgeni hapa Isevya ambaye hatujamkaribisha?
3. Aliyerudi mikono mitupu tumempokeaje?