Kuanza Upya Baada ya Miaka Arobaini



Wako watu wanaotuuliza: "Mimi nimekwisha fika miaka arobaini na mitano. Nina mke na watoto, na mali niliyoitegemea imenitoka. Je, yafaa mtu wa umri wangu kushika daftari akajifunza kazi mpya, au akajifunza dini tangu herufi ya kwanza? Si aibu kuketi pamoja na watoto?"

Swali hili ni zito, maana anayeliuliza hana miaka mingi ya kupoteza, na akikosea njia nyumba nzima huumia. Kwa hiyo na tulitazame taratibu, na mfano wetu tuutwae hapa hapa Kagera, katika vibanja vya Muleba na Bukoba.

MSIBA WA KIBANJA

Mwaka 2006 wakulima wa Muleba walipatwa na maradhi ya mnyauko wa migomba, ambayo tangu 2001 yalikuwa yamekwisha kuonekana Uganda. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata waona ndani zimekuwa za rangi ya kahawia. Shina likikatwa hutoa utomvu mzito wa manjano. Mkungu wa namna hiyo haufai kuliwa wala kuuzwa.

Anayekijua kibanja aelewa msiba huu. Kwa Mhaya mgomba ni chakula cha kila siku, ni kivuli cha mibuni, ni urithi wa wazee. Mtu aliyepewa kibanja na baba yake, akakitunza miaka ishirini, alilazimika kuing'oa migomba hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Wataalamu wa kilimo waliwafundisha wakulima mambo haya: mgomba uliougua uondolewe, ua dume litolewe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa panga, kwa kuwa wadudu huleta maradhi mahali hapo, panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa dawa kabla ya kugusa mgomba mwingine, shamba lililoharibika lipumzishwe miezi kadhaa kwa mazao mengine, kisha ipandwe miche safi. Katika mafundisho haya yamo masomo matatu kwa mtu aanzaye upya.

SOMO LA KWANZA: UDONGO HAUKUFA

Yeyote aliyetembea kutoka kibanja mpaka rweya ameona tofauti. Ardhi ya rweya ni hafifu. Udongo mweusi wa kibanja ulitengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya. Mnyauko uliua migomba, lakini kazi ile ya vizazi ilibaki ardhini ikingojea mche mpya.

Hali kadhalika miaka yako arobaini. Kazi yaweza kwisha na biashara kufilisika, lakini ulichojifunza juu ya watu, subira na mapatano hakikufa. Mtu mzima haanzi pale aanzapo mtoto.

Nchi yetu ililijua jambo hili. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hata kabla ya hapo, tangu 1968, mradi wa serikali na UNESCO uliokuwa na makao yake Mwanza ulikuwa ukifundisha kusoma katika mikoa ya ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi, jina la Kagera la wakati ule. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi, na mkulima wa migomba kwa habari za migomba. Elimu mpya ilipandwa katika udongo wa zamani. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa 39, na mwaka 1986 kama 10 tu. Waliojifunza walikuwa watu wazima.

SOMO LA PILI: LITAKASE PANGA

Mkulima aweza kung'oa migomba yote iliyougua, akapanda miche safi, na bado akaiua kwa panga lile lile. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu huhama Muleba akaenda Mwanza, hubadili kazi, hata hubadili dini, lakini mkononi amechukua chombo cha zamani: ulevi, kukopa bila nia ya kulipa, udanganyifu katika mizani, au kiburi cha kutotaka kufundishwa na aliye mdogo kwake. Baada ya mwaka mmoja husema, "Sina bahati." Kumbe maradhi aliyabeba mwenyewe.

Ndugu uliyeingia karibuni katika Uislamu, jambo hili lakuhusu. Toba ndiyo moto wa panga. Usihesabu tu ulichokiacha. Chunguza pia ulichokuja nacho.

SOMO LA TATU: KIDOGO KINACHODUMU

Kibanja hakikupata rutuba kwa mzigo mmoja wa samadi. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kwamba amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Basi tenga saa moja kila siku, na fedha kidogo kila mwezi, kwa ajili ya kujifunza jambo moja: useremala, ushonaji, ufugaji wa nyuki, hesabu za duka, au kusoma Kurani Tukufu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Gera, viliasisiwa nchini kuanzia 1975 ili watu wazima nao wapate elimu na ufundi.

Lakini usile haki ya nyumba yako. Karo ya watoto si mtaji wako, na kibanja kisiuzwe bila mashauri na mkeo. Apandaye miche hutunza pia akiba ya kula mpaka mkungu wa kwanza.

AIBU IKO WAPI?

Tukumbuke kwamba Mtume s.a.w. alikuwa na umri wa miaka arobaini ulipomjia ufunuo wa kwanza, na neno la kwanza aliloambiwa ni amri ya kusoma, ilhali hakuwa msomaji. Imam Bukhari naye anatukumbusha kwamba masahaba walijifunza elimu wakiwa watu wazima. Katika chuo cha dini nilikosoma ng'ambo, aliketi pamoja nasi mtu mwenye mvi, akiuliza maswali ya sarufi ambayo vijana tuliyaonea haya. Sisi sote tulifaidika na maswali yake. Aibu ni kukaa bila kuuliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni elimu gani niliyo nayo ambayo hasara haikuiondoa?
2. Ni tabia gani ya zamani niliyokuja nayo mkononi?
3. Ni saa ipi ya siku nitakayoitenga, kuanzia kesho, kwa kujifunza?

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, na autilie baraka umri uliobaki. Amin.