Kiinua mgongo chetu kinaishia gereji

*Shangazi, mimi ni muuguzi mstaafu hapa Mbinga, mume wangu alikuwa mwalimu wa historia sekondari. Watoto wanajitegemea, tumebaki wawili na shamba letu la kahawa.*

*Tatizo ni gari. Mzee alipolipwa mkupuo wake alinunua Hiace kuukuu iliyokuwa daladala Songea. Akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati na sola juu ya paa. Alikuwa ameona kwenye simu wazee wa Marekani wanaohamia jangwani na magari yao wakati wa baridi. Akasema na sisi kila Juni tutashuka ziwani, tukae Mbamba Bay hadi Agosti baridi iishe huku juu.*

*Mwaka jana tukaenda. Kusema kweli kule magoti yangu yalipumzika, na jioni tulikula mbasa wa kuchoma tukicheka kama vijana. Lakini gari nalo likaanza yake. Leo rejeta inavuja, kesho sola haichaji, keshokutwa breki. Fundi wa pale akasema spea zipo Songea. Mzee akapanda basi kuzifuata, mimi nikabaki ufukweni peke yangu nikilinda gari. Usiku upepo ulipozidi nililala na jiko la mkaa humo ndani. Wakati wa kurudi gari likachemka mlimani, ikabidi tuvutwe. Kufika nyumbani, kahawa nyingi imekaukia mitini, na vibarua wamechuma walivyotaka.*

*Sasa anataka kutoa hela nyingine ashushe injini yote. Nikisema neno, ananiambia nimezeeka moyo. Mwanangu mkubwa anasema tuliuze. Mzee akisikia hivyo anainuka, anakwenda kushinda chini ya gari mpaka giza liingie. Nifanyeje?*

*Mama Hiace, Mbinga*

Mama, pole na safari. Kabla ya hela na kabla ya kahawa, tuongee kuhusu lile jiko. Mkaa ukiwaka ndani ya gari lililofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Wewe ni muuguzi, haya unayajua kuliko mimi. Baridi ya usiku ina blanketi. Jiko lipikiwe nje na lilale nje, hata upepo wa kusi uvume vipi.

Sasa barua yako. Umeandika mengi kuhusu rejeta na breki, ila katikati umesema magoti yalipumzika na mlicheka kama vijana. Basi wewe huna ugomvi na ziwa, na kwa hilo mzee yuko sahihi. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga mjini inazidi mita 1,200. Kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi kama sita, na magoti ya mtu mzima hayahitaji kipimajoto kulijua hilo. Shida zako ni mbili: hela inatoka bila wewe kuulizwa, na zamu ya kulinda gari imekuwa yako.

Wale wazee wa Marekani aliowaona mumeo wapo kweli. Wengi hukusanyika Quartzsite, jimbo la Arizona, na serikali yao imetenga maeneo jangwani ambako mtu hulipia kibali cha msimu, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, akakaa na gari lake kihalali. Ila simu haikumwonyesha yote. Mwandishi Jessica Bruder aliishi nao, na katika kitabu chake cha mwaka 2017, Nomadland, alieleza kwamba wengi wao waliingia kwenye magari kwa sababu pensheni haikutosha kodi ya nyumba, na uzeeni bado wanafanya vibarua kwenye maghala. Ninyi mna nyumba, na mna shamba. Gari kwenu ni starehe, na starehe haipaswi kula kinachowalisha.

Mwanao anashauri mliuze. Mwambie asante, kisha msiliuze kwa sasa. Mwalimu aliyeongozwa na kengele ya shule miaka yote, siku moja kengele ikanyamaza. Ile Hiace ndiyo inayomwamsha asubuhi akiwa na kazi ya kufanya. Ukimwambia liuzwe, yeye anasikia kwamba hana kazi tena, ndiyo maana anakimbilia chini ya gari. Usishindane na gari. Shindana kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza, daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kanuni iliyoanza Julai 2022 ilishusha mkupuo wa watumishi wa umma hadi asilimia 33, na hata ulipopandishwa hadi 40 bado sehemu kubwa ya haki ya mstaafu huja kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo ukiisha hauji mwingine. Kwa hiyo kilichobaki kwenye mkupuo kisiguswe na fundi yeyote. Matengenezo yatoke kwenye pensheni ya mwezi, kwa kiwango mtakachokubaliana wote wawili na kukiandika. Kiwango kikiisha, gari lisubiri mwezi ujao.

Pili, injini isishushwe kwa kukisia. Gari kuchemka mlimani kunaweza kutokana na rejeta iliyoziba, feni, wota pampu au gasketi ya silinda hedi, na bei zake hazilingani. Rejeta yenu inajulikana kwamba ilivuja, basi aanzie hapo. Kisha fundi apime kompresheni, aeleze kwa maandishi alichokuta. Breki zikaguliwe zote kabla ya kuteremka, na mteremkoni atumie gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Tatu, kazi yote iishe Mbinga kabla ya Juni, halafu mlijaribu gari kwenda Songea na kurudi. Likikwama njiani, mwaka huu mpande basi. Akibisha, mwulize yeye mwalimu wa historia yaliyotokea Liuli ya hapo ziwani, Sphinxhafen ya Wajerumani, mwezi Agosti 1914 vita vilipoanza. Meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, Waingereza wakafika na meli yao Gwendolen wakaizima bila shida. Chombo kilichofunguliwa ufukweni hakimsaidii mwenyewe.

Nne, kahawa. Juni hadi Agosti mnayoitaka ziwani ndiyo miezi ya kuchuma. Lakini kahawa haiivi siku moja. Huchumwa kwa awamu, na kati ya awamu mna nafasi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66, na sasa ni lami. Kila awamu mmoja wenu apande basi, asimamie vibarua, ahakikishe nyekundu tu ndizo zinazochumwa na zinamenywa siku hiyo hiyo. Mpokezane. Akienda yeye mara hii, uende wewe mara ijayo. Gari libaki limeegeshwa chini, maana kila linapopanda ule mlima ndipo linapowadai.

Tano, maegesho. Msikae tena ufukweni wenyewe. Ombeni nafasi kwenye uwanja wa nyumba ya wageni au wa mwenyeji mnayemfahamu, penye maji, choo na mlinzi, na mjitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji. Gari likiwa kwa fundi, mlale chumbani. Bei ya chumba kwa siku chache ni ndogo kuliko ya mama mzima kukesha peke yake. Chandarua na malaria ya ziwani sikufundishi, hiyo ni fani yako.

Mkiyafuata haya msimu mmoja na gari bado likala zaidi ya kiwango mlichoandikiana, hapo liuzwe, na atakayelitangaza awe mzee mwenyewe, si mtoto.

Nawe Mwalimu, najua gazeti hili unalisoma. Mkeo hajazeeka moyo. Alikufuata hadi ziwani, akakulindia gari usiku kwenye upepo, na kahawa iliyokaukia mitini ni yake pia. Mwombe radhi kwa zile siku ulizomwacha peke yake. Kisha mkae mezani na daftari, wote wawili, kabla hujampigia fundi simu.