Nguvu ya Injini Ifaayo kwa Gari la Chama: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Madhumuni ya somo hili ni kumsaidia Katibu, mjumbe wa Bodi na kila mwanachama kulielewa jambo ambalo huamuliwa kwa haraka na kujutiwa kwa miaka mingi. Chama cha msingi kikikusudia kununua gari la kupita njia mbovu, injini yake iwe na nguvu kiasi gani? Swali hili si la fundi peke yake. Fedha za kununulia gari ni za wanachama, na mafuta yatakayochomwa na injini hiyo yatalipwa kwa jasho lao. Katika sehemu nyingi za nchi yetu limeonekana gari la chama lililosimamishwa juu ya mawe nyuma ya ghala, si kwa sababu lilikuwa bovu tangu mwanzo, bali kwa sababu halikulingana na kazi wala na mfuko wa wenyewe.

Tumechukua mfano wa Issuna, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Vyama vya mahali pengine vitaona kwamba hesabu ni ile ile. Vibadilishe tarakimu tu.

1. Kwanza tuijue njia

Issuna iko kando ya barabara kuu ya lami, karibu nusu ya safari kati ya Manyoni na Singida mjini. Anayeipita kwa basi huweza kudhani kwamba chama cha hapo hakina shida ya njia. Lakini mkulima haishi juu ya lami. Ukiiacha barabara kuu na kuingia vijijini, utakutana na ardhi za aina mbili: kichanga chepesi, na udongo mweusi wa mbuga unaonata.

Kila moja ina msimu wake wa taabu. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Desemba na Januari, ndio wakati wa kupeleka mbegu na mbolea, mbuga huwa tope. Kuanzia Mei, wakati wa kukusanya alizeti na mtama, tope limekauka lakini kichanga kimelegea na kuwa kizito. Kwa hiyo gari la chama cha huku halina miezi mingi ya raha, na yatupasa kulichagua kwa kufikiria mwezi ulio mbaya, wala si mwezi ulio mwema.

2. Pili tuijue kazi

Gunia la alizeti huwa na kilo 65 hivi. Gari dogo la kubebea mizigo likichukua magunia 12 limebeba kilo 780, nayo ni karibu na ukomo wake. Kituo chenye magunia 300 kitahitaji safari 25. Lori la tani 7 litayamaliza magunia hayo kwa safari tatu. Ni dhahiri basi kwamba kusomba mazao ni kazi ya lori, la kukodi au la Chama Kikuu, na mwenye kununua gari dogo kwa kazi hiyo amekosea kabla hajaitazama injini.

Kazi halisi ya gari dogo la chama ni nyingine: kupeleka pembejeo kidogo kidogo katika vijiji; kufikisha mizani na karani wa kupimia katika vituo; kufuatilia hati za stakabadhi ghalani; na kuwachukua wajumbe na wakaguzi. Kwa kazi hizo tuchukue mfano wa gari ambalo pamoja na watu na mzigo wake lina uzito wa kilo 3,000. Hilo ndilo tutakalolipigia hesabu.

3. Nguvu-farasi ni nini?

Kipimo hiki kilienezwa na James Watt, fundi wa Uskochi, katika karne ya 18, alipotaka kuwaonyesha wanunuzi kwamba mtambo wake wa mvuke ungefanya kazi ya farasi kadhaa. Siku hizi nguvu-farasi moja huhesabiwa kuwa ni kuinua kilo 75 kwa urefu wa mita moja katika sekunde moja. Zingatieni maneno haya ya mwisho: katika sekunde moja. Nguvu-farasi hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani uzito wa kazi na wepesi wa kuifanya.

Kipimo cha pili ni nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa newtoni-mita. Hii hutuambia injini inausokota mhimili wake kwa ukali gani, bila kujali wepesi. Mkulima wa Singida anaijua tofauti hii shambani. Maksai wawili wakivuta plau huenda pole pole, na kazi yao kwa jumla haizidi sana nguvu-farasi moja. Hata hivyo plau inapita katika ardhi ngumu, kwa sababu mvuto wao ni mkubwa tangu hatua ya kwanza.

Tulinganishe magari mawili yanayojulikana sana nchini. Toyota RAV4 ya petroli ya miaka ya mwanzo ya 2000, yenye injini ya lita 2, ina karibu nguvu-farasi 150. Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya cc 4,164, ina takriban 130 tu. Anayesoma tarakimu hizo peke yake atainunua ya kwanza. Lakini RAV4 hiyo hufikia upeo wa nguvu ya kuzungusha, newtoni-mita 190 hivi, injini ikiwa inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Ilhali 1HZ hutoa newtoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200. Tena Land Cruiser ina gia nzito za ziada, ambazo huikuza nguvu hiyo takriban mara mbili na nusu kabla haijafika kwenye magurudumu. Katika kichanga, ambamo gari lapaswa kwenda taratibu bila kusita, injini ya pili hufanya kazi kwa utulivu, na ya kwanza hulazimika kupiga kelele na kuunguza klachi au kuchemsha mafuta ya giaboksi.

4. Hesabu ya mwinuko wa kichanga

Gari la kilo 3,000 likienda juu ya lami tambarare hudai mvuto wa kilo 45 hivi ili lisisimame. Juu ya changarawe iliyoshindiliwa hudai kilo 90. Juu ya kichanga kilicholegea hudai takriban kilo 450, yaani mara kumi ya lami. Ikiwa njia nayo inapanda mita 10 katika kila mita 100, ongezeni sehemu ya kumi ya uzito wa gari, yaani kilo 300. Jumla ni kilo 750.

Tuseme tunataka kuupanda mwinuko huo kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.5 kwa sekunde. Zidisha 750 kwa 5.5, kisha gawanya kwa 75: tunapata nguvu-farasi 55 kwenye magurudumu. Sehemu ya tano hivi ya nguvu ya injini hupotea njiani katika giaboksi na difu, kwa hiyo injini yatakiwa kutoa karibu nguvu-farasi 70.

Bado kuna jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Uwanda wa Singida uko juu, kiasi cha mita 1,200 hadi 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika mia kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo injini iliyopimwa pwani huku imepungukiwa na asilimia 12 hadi 15. Ili tupate nguvu-farasi 70 hapa, kitabu cha gari yafaa kitaje 80 au 85. Injini yenye tabo hupungukiwa kidogo tu.

5. Hesabu hiyo inatufundisha nini?

Tuyapitishe magari machache katika mwinuko ule ule, baada ya kutoa hasara ya hewa na ya gia. Land Rover ya dizeli ya miaka ya 1970, yenye takriban nguvu-farasi 60, ingeupanda kwa kilomita 15 hivi kwa saa. Ndiyo maana wazee wanaikumbuka kuwa ilikuwa gari la pole pole, lakini ilifika. Land Cruiser ya 1HZ ingeupanda kwa kilomita 32. Land Cruiser ya tabo ya lita 2.8, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 ikiwa na nguvu-farasi zaidi ya 200, ingeweza kwa hesabu kufikia kilomita 59 kwa saa.

Sasa kila mwanachama ajiulize: ni dereva gani mwenye akili timamu atakayekwenda kilomita 59 kwa saa juu ya kichanga, akiwa na mizani na karani nyuma? Nguvu iliyozidi hapo imenunuliwa, imelipiwa, wala haitumiki. Katika njia zetu nguvu-farasi huamua utafika saa ngapi. Nguvu ya kuzungusha pamoja na gia nzito ndizo zinazoamua kama utafika.

6. Mpaka unaowekwa na tairi

Nguvu yote ya injini hupita katika alama nne za tairi ardhini. Juu ya udongo wa mbuga uliolowa, tairi huweza kushika kiasi cha kilo 30 tu kwa kila kilo 100 za uzito ulio juu yake, na mara nyingine chini ya hapo. Gari letu la kilo 3,000 likisukumwa na magurudumu yote manne litapata mshiko wa kilo 900. Likisukumwa na mawili ya nyuma, yaliyobeba kilo 1,800, litapata kilo 540. Ikiwa njia inadai kilo 750, gari la forwili litapita na lile jingine litakwama, hata lingefungwa injini ya nguvu-farasi 300. Magurudumu yatachimba tu.

Kwa hiyo, fedha ikiwa haba, ni afadhali injini ya wastani yenye forwili, gia nzito na tairi nzuri, kuliko injini kubwa isiyo na vitu hivyo. Aidha, kupunguza upepo wa tairi katika kichanga, na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, husaidia kuliko farasi 50 za nyongeza. Nako hakugharimu kitu ila pampu.

7. Mfuko wa chama

Injini hula kila siku, hata siku ambayo nguvu yake haikuhitajika. Tuchukue mfano wa gari linalokwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Likitumia lita 14 kwa kila kilomita 100 litakunywa lita 140. Likitumia lita 10 litakunywa lita 100. Tofauti ni lita 40 kwa mwezi, yaani lita 480 kwa mwaka. Katibu azidishe kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha awasomee wanachama jibu kabla hawajapiga kura. Vile vile aulize katika ofisi ya TRA kuhusu ushuru, maana ujazo wa injini na umri wa gari hutazamwa katika kukadiria.

Tena aulize ni nani atakayelitengeneza. Injini mpya za dizeli husukuma mafuta kwa kani kubwa mno na kuongozwa na kompyuta; maji au uchafu kidogo kutoka katika dumu huweza kuharibu nozeli za bei kubwa. Injini ya zamani yenye pampu ya kawaida ina nguvu chache, lakini fundi wa Singida mjini ataifungua na vipuri vyake hupatikana. Siku moja ya gari kulala gereji mwezi wa Juni, mizani ikisubiriwa kituoni, ni hasara ambayo haiandikwi katika kitabu cha gari.

8. Utaratibu wa kuamua

Bodi isipeleke mbele ya Mkutano Mkuu jina la gari peke yake. Ipeleke karatasi yenye mambo haya: kazi zitakazofanywa, kilomita kwa mwezi, uzito wa juu wa mzigo, sehemu iliyo mbaya kuliko zote katika njia, gharama ya mafuta, bima, matengenezo na uchakavu kwa mwaka, na ulinganisho na gharama ya kukodi. Kama fedha ni za mkopo, lazima zisipite ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Na kama hesabu zitaonyesha kwamba gari litasimama nusu ya mwaka, basi vyama viwili au vitatu vya jirani vikae pamoja. Ushirika ulianzishwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

Gari likishanunuliwa, kitabu cha safari kiandikwe kila siku: kilomita, lita, kazi na sahihi ya dereva. Kila mwezi tangi lijazwe mpaka juu na hesabu ipigwe. Injini iliyoanza kula kupita kawaida itajitangaza humo kabla haijafa.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Taja sehemu iliyo mbaya kuliko zote katika njia za chama chenu. Ni kichanga, tope au mwinuko? Ni mwezi gani?

2. Gari la kilo 2,400 linapanda mwinuko wa mita 10 katika mia juu ya kichanga, kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Magurudumu yanahitaji nguvu-farasi ngapi? (Jibu: mvuto ni kilo 360 na 240, jumla 600, nguvu-farasi 40.)

3. Mwanachama asema, "Tununue injini kubwa ili tusidharauliwe." Mtamjibu nini kwa tarakimu?

4. Je, chama chenu kinahitaji gari, au kinahitaji mkataba mzuri wa kukodi?