PASAKA NI SHILINGI NGAPI?

Karatasi hii uliyopewa usiifungie karanga. Isome kwanza mpaka mwisho, maana inahusu roho yako.

Pasaka ikikaribia mji unachemka. Kariakoo hapapitiki. Kila duka "punguzo la Pasaka", kila ukumbi una bendi yake. Watoto wanapelekwa disko toto mchana, wakubwa wanakesha na chupa mezani. Kwenye maduka makubwa utakuta mpaka mayai ya chokoleti, desturi iliyotoka Ulaya. Kampuni ya Cadbury ya Uingereza ilitengeneza yai lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1875, na biashara hiyo haijalala mpaka leo.

Sasa kijana ambaye hana hela anajifungia ndani. Pamba mpya hana, nauli ya kwenda ufukweni hana. Anasema, "Mwaka huu Pasaka imenipita." Je, ni kweli? Fungua Biblia yako tujifunze. Kama huna, azima.

1. PASAKA MAANA YAKE NINI?

Maana yake ni kupita juu. Soma KUTOKA 12:1-13. Wana wa Israeli walikuwa watumwa Misri. Mungu akawaagiza wachinje mwana-kondoo, damu yake waipake kwenye miimo ya mlango. Usiku ule mauti ilipoona damu, ilipita juu ya nyumba hiyo. Haikuuliza ndani wamevaa nini wala mfukoni wana shilingi ngapi. Iliangalia kitu kimoja tu: DAMU IPO AU HAIPO? Kwa hiyo swali si kama Pasaka imekupita wewe. Swali ni hili: mauti itakupita?

2. BIASHARA YA PASAKA HAIKUANZA LEO

Usishangae watu kufanya Pasaka kuwa soko. Hata Pasaka ile Yesu aliyosulubiwa, watu walifanya biashara.

(a) Hekaluni. Siku chache kabla ya kufa kwake, Yesu alikuta nyumba ya Baba yake imejaa wauza njiwa na wabadili fedha. Alipindua meza zao (MATHAYO 21:12-13).

(b) Yuda. Alimwuza Bwana wake kwa vipande thelathini vya fedha (MATHAYO 26:14-16). Katika torati hiyo ndiyo fidia aliyolipwa bwana wa mtumwa, mtumwa wake akipigwa pembe na ng'ombe (KUTOKA 21:32). Ndiyo bei waliyompa Mwana wa Mungu! Na hela zile Yuda hakuzila. Alizirudisha, akaenda kujinyonga.

(c) Askari. Wewe unahangaika na nguo mpya ya Pasaka. Askari wanne nao walipata nguo siku ile: waligawana za Yesu, na kanzu yake wakaipigia kura, mwenyewe akiwa juu anatokwa na damu (YOHANA 19:23-24). Walikuwa karibu na msalaba kuliko wote, lakini macho yao yalikuwa kwenye nguo. Je, wewe hufanani nao?

(d) Walinzi wa kaburi. Yesu alipofufuka, wakuu wa makuhani waliwapa walinzi fedha nyingi ili waseme mwili umeibwa usiku (MATHAYO 28:11-15). Rushwa ililipwa, lakini kaburi lilibaki tupu! Hakuna hela inayoweza kumrudisha Yesu kaburini. Haleluya!

3. MANUKATO YALIYOKOSA KAZI

Wapo wengine walionunua kitu kwa upendo. Mariamu Magdalene na wenzake walinunua manukato wakampake Yesu (MARKO 16:1-6). Walifika alfajiri, mzigo mkononi, wakakuta jiwe limeondolewa. Kile walichogharimia hakikuhitajika tena, maana aliye hai hapakwi manukato ya maiti.

Kijana, hapo ndipo ilipo Pasaka. Hata watu wema, pamoja na hela yao halali, hawakuwa na cha kuongeza. Yote yalikuwa yamefanyika. Petro anaandika kwamba tulikombolewa si kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo, Mwana-kondoo asiye na ila (1 PETRO 1:18-19). Bei imelipwa, wewe hudaiwi kiingilio.

4. JE, NI DHAMBI KULA PILAU?

Hapana. Kula na ndugu zako, furahi. Hata ufukweni si dhambi kwenda. Yesu mwenyewe baada ya kufufuka alikwenda ufukweni! Aliwasha moto wa makaa, akaoka samaki, akawaita wanafunzi wake waje wafungue kinywa (YOHANA 21:9-17). Mmoja wao alikuwa Petro, aliyemkana mara tatu. Yesu hakumfukuza. Alimlisha kwanza, ndipo akamwuliza kama anampenda.

Lakini tuambizane ukweli. Kuna raha ya Pasaka inayodai malipo baadaye. Dada, yule anayekununulia gauni na kukulipia chakula na soda, usiku atataka chake. Kaka, ukilewa Jumapili, pikipiki haijui kwamba ni sikukuu. Jumatatu ya Pasaka inakwisha, Jumanne inafika. Muziki umezimwa, hela imekwisha, moyo ni uleule. Wengine Jumanne hiyo imewakuta na mimba wasiyoitaka au virusi vya UKIMWI, na wengine haikuwakuta kabisa.

Hata kama hayo yamekwisha kukupata, usikate tamaa. Aliyemwita Petro ufukweni anakuita na wewe. Njoo hivyo hivyo, na nguo hiyo hiyo uliyovaa.

5. UFANYE NINI SASA?

Kubali kwamba wewe ni mwenye dhambi (WARUMI 3:23). Tubu, yaani uache kabisa. Mwamini Yesu aliyekufa na kufufuka, umkiri kwa kinywa chako (WARUMI 10:9-10). Usiseme kesho. Kama uko tayari, hapo hapo ulipo, iwe kituo cha basi au kijiweni, sema kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimetafuta raha nikaikosa. Leo naamini ulikufa kwa ajili yangu, na siku ya tatu ulifufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Nakukaribisha moyoni mwangu. Nipe nguvu za Roho Mtakatifu nishinde dhambi. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali sala hii kwa kumaanisha, UMEOKOKA! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, anza kusoma Injili ya Yohana, na ukimaliza karatasi hii mpe rafiki yako. Usimwuzie. Wewe umepewa bure, nawe mpe bure.

Yesu yu hai! Ubarikiwe.