Nchi ya Suna: Ardhi Yake, Watu Wake, na Habari Zilizomo Katika Majina

Mtu akisafiri kwa barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Tanzania, baada ya kupita Kisii, Rongo na Awendo hufika Migori, mji uliojengwa kando ya mto wenye jina hilo hilo. Nchi iliyouzunguka mji huo huitwa Suna, na wako watu ambao hata leo huuita mji wenyewe kwa jina hilo. Wasafiri wengi hupita hapo wakitazama maduka na soko, wasijue kwamba majina ya vijiji na vilima vya pande zile yana habari ya kale ambayo watu wengi wa nchi hiyo wamekwisha kuisahau. Somo letu la leo ni juu ya habari hiyo.

ARDHI NA MITO

Suna imo katika Kaunti ya Migori, katika pembe ya kusini-magharibi ya Kenya. Upande wa kusini ni nchi ya Wakuria na mpaka wa Tanzania; upande wa magharibi nchi hushuka mpaka Ziwa Victoria, ambalo liko yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mto Migori huungana na Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, na maji ya mito hiyo miwili huingia ziwani katika nchi ya Nyatike. Mvua zikizidi huko milimani, watu wa Nyatike ndio wapatao mafuriko.

Wakulima wa nchi hii hupanda mahindi, mihogo, tumbaku na miwa, na tangu mwaka 1979 kiwanda cha Awendo kimekuwa kikisaga miwa ya pande hizo. Chini ya udongo imo dhahabu pia. Huko Macalder, upande wa Nyatike, palikuwa na machimbo makubwa ya dhahabu na shaba katika zamani za ukoloni, na hata sasa wachimbaji wadogo huchimba mashimo kutafuta dhahabu.

MAJINA YA AINA MBILI

Sasa na tuyatazame majina ya kata za Suna. Yako God Jope, Kakrao, Ragana-Oruba na Wiga. Tena yako Wasweta na Wasimbete. Msomaji mwangalifu ataona kwamba majina haya hayakutoka katika lugha moja.

God Jope ni jina la Kijaluo. Neno God hapa halina uhusiano wowote na lile la Kiingereza lenye maana ya Mungu. Maana yake ni kilima, na jope ni nyati wengi. Basi God Jope ni Kilima cha Nyati. Jina hilo latuonyesha wanyama walioonekana hapo zamani. Vivyo hivyo, Ka- mwanzoni mwa majina mengi ya Kijaluo maana yake ni "nyumbani kwa" fulani.

Lakini Wasweta na Wasimbete je? Katika Kijaluo, watu wa mahali au wa ukoo huitwa kwa kutanguliza Jo-, kama tusemavyo JoLuo. Hapa twaona Wa-, ambayo kila msemaji wa Kiswahili aijua: Waswahili, Wakulima, Wazee. Hiyo ni alama ya lugha za Kibantu. Tena, mtu akivuka mpaka kwenda Mkoa wa Mara, Tanzania, atawakuta Wasimbiti na Wasweta, watu wasemao lugha za Kibantu hata leo. Kufanana kwa majina peke yake si ushahidi wa kutosha, lakini hapa kunapatana na simulizi za wazee na maandiko ya wanahistoria: koo nyingi za Suna asili yao ni ya Kibantu, ingawa sasa husema Kijaluo.

JINSI LUGHA ILIVYOBADILIKA

Wajaluo walitoka kaskazini, upande wa Sudani, wakaja polepole kwa vizazi vingi mpaka wakalifikia ziwa. Baadhi yao wakaendelea hadi upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Huko waliwakuta watu wengine, na wengine tena waliwasili baadaye. Miongoni mwao walikuwa Wasuba, ambao simulizi zao zasema kwamba wazee wao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakakaa Rusinga, Mfangano, Gwassi na Kaksingri, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay.

Mtu asidhani kwamba lugha za watu hao zilipotea kwa vita peke yake. Watu waliuziana nafaka, samaki na ng'ombe, wakaoana. Mtoto ambaye mama yake ni Mjaluo hujifunza maneno ya mama yake kwanza, na sokoni huitumia lugha inayojulikana na wengi.

Halafu yakaja mambo ya kalamu. Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, na baadaye wakaweka huko mtambo wa kuchapa vitabu. Vitabu vya dini na vya shule vilichapwa kwa Kijaluo, na mwaka 1953 Biblia nzima ikatoka katika lugha hiyo. Kazi hiyo iliwafaa watu wengi sana. Lakini mtoto wa Kisuba aliyeingia darasani alikuta kwamba lugha ya nyumbani kwao haimo katika kitabu hata kimoja. Naye, kama mtoto yeyote, akaona kwamba lugha isiyoandikwa haina faida.

Matokeo yake yaonekana leo. Katika Suna lugha ya zamani imebaki katika majina. Huko Rusinga watu wengi sana husema Kijaluo. Ni Mfangano hasa ambako lugha ya Olusuba bado yasikika, tena zaidi vinywani mwa wazee.

MFANO WA IRELAND

Jambo hili si la Afrika peke yake. Katika nchi ya Ireland iko kaunti iitwayo Kerry, na jina lake latokana na watu wa kale walioitwa uzao wa Ciar. Majina mengi ya nchi hiyo yanayoanza na Kil- yametoka katika neno cill, yaani kanisa. Lakini wengi wanaoyataja majina hayo kila siku hawasemi tena lugha iliyoyazaa. Tangu mwaka 1831 shule za serikali zilifundisha kwa Kiingereza. Kisha, kati ya mwaka 1845 na 1852, ugonjwa wa viazi ulileta njaa kuu. Watu yapata milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama, na wengi wao walikuwa maskini wa vijijini waliosema Kiairish.

Katiba ya mwaka 1937 iliifanya lugha hiyo kuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi, na watoto hufundishwa shuleni. Hata hivyo, wanaoitumia kila siku nyumbani ni wachache. Twajifunza hapa kwamba shule yaweza kuisaidia lugha, lakini haiwezi kushika mahali pa mama na bibi.

LA KUFANYA

Katika Kaunti ya Migori yako maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga, yaliyojengwa yapata miaka mia tano iliyopita, mawe juu ya mawe pasipo udongo wala saruji. Mwaka 2018 yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Watu wa makabila mbalimbali walikaa humo kwa zamu, na kila waliokuja walizitengeneza kuta wakazitumia. Kuta zaweza kungoja. Lugha haingoji, maana mzee akifariki, maneno aliyoyajua peke yake huzikwa pamoja naye.

Tangu miaka ya 1990 vitabu vya kufundishia Olusuba vimeandikwa, na baadaye Agano Jipya likachapwa katika lugha hiyo. Mfangano wamekuwa pia na redio yao, Ekialo Kiona, maana yake "ulimwengu wote". Hizo ni hatua njema. Habari hizi zisimfanye mtu amdharau jirani yake wala kudai kwamba yeye ndiye mwenye nchi. Zatuonyesha kwamba damu zetu zimechanganyika tangu zamani.

Basi msomaji, ukiwa Suna, Gwassi au penginepo, chukua daftari, umwendee mzee wa kwenu kwa heshima, umwulize maswali haya matatu:

1. Kilima hiki na mto huu viliitwaje zamani, na kwa sababu gani?
2. Bibi yake mzaa mama alizaliwa wapi, na alisema lugha gani?
3. Ni maneno gani aliyoyasikia utotoni ambayo hayasikii tena?

Andika majibu pamoja na jina la mzee na tarehe, nawe uwasomee watoto wako.