SOMO LA AFYA: NGOZI TULIYOPEWA NA MUNGU

Leo tujifunze juu ya jambo linalowagusa wamama, vijana na hata wababa, hapa Bwegera na katika bonde lote la Ruzizi: mafuta na sabuni za kujichubua.

1. Ndani yake mna nini?

Mungu aliweka katika ngozi yetu rangi nyeusi inayoikinga na jua. Jua la bonde letu tunalijua sote. Mafuta hayo huzuia rangi hiyo isitengenezwe. Sumu zake kubwa ni tatu:

a) Zebaki, kwa Kifaransa mercure. Ni ile ile ambayo wachimbaji hutumia kukamata dhahabu. Hupenya ngozi, huingia katika damu na kuharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo: zaidi ya nusu walikuwa wamejipaka mafuta yenye zebaki. Tena humfikia mtoto tumboni na katika maziwa ya mama.

b) Hydroquinone. Mwanzoni uso hung'aa. Ukiendelea, mashavu huweza kutoka madoa meusi ya kibluu, na kuyaondoa ni vigumu sana.

c) Dawa za jamii ya cortisone, kama clobétasol. Daktari huzitoa kwa ugonjwa wa ngozi, kwa muda mfupi. Ukijipaka kila siku, ngozi huwa nyembamba, vidonda huchelewa kupona, presha na sukari huweza kupanda.

2. Mataifa yamesema nini?

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya namna hii mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuviondoa madukani kwa nguvu mwishoni mwa 2018. Mwaka 2023 mataifa ya Mkataba wa Minamata yaliamua kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Lakini amri peke yake haifungi soko. Mlinzi wa kwanza ni wewe unayenunua.

3. Tufanye nini?

Tusome karatasi ya kopo. Tukiona mercure, calomel, hydroquinone, clobétasol au bétaméthasone, tusinunue ili kujichubua. Kopo lisilotaja vilivyomo, na mukorogo uliochanganywa nyumbani, tuviache pia.

Aliyekwisha kuanza asifiche. Aende kituo cha afya na kopo lake mkononi. Anayetumia cortisone asiache ghafula bila shauri la muganga, maana mwili umekwisha kuizoea. Mama mwenye mimba, au anayengoja kupasuliwa, aseme wazi. Tutamwombea, lakini maombi hayatukatazi kumwambia daktari ukweli.

Na sisi wengine tusimcheke. Nani aliyemfundisha kuichukia ngozi yake? Ni sisi tunaosifu bibi arusi kwa weupe wake, na kumwita mtoto mweusi kwa dharau. Tukitaka dada zetu waache sumu, sisi tuache kwanza maneno hayo.

Maswali ya kujadili katika vikundi:
- Je, nyumbani kwetu kuna kopo ambalo hatujasoma karatasi yake?
- Tunawaambia nini binti zetu juu ya rangi yao?

Bwana awabariki na kuwalinda, mwili na roho.