Ijaribu urea ya kutoa polepole kabla ya kununua gunia

Ngano imelimwa kwenye milima ya Lubero tangu enzi za Wabelgiji. Mbolea yake lakini inatoka mbali, nyingi ikipitia mpaka wa Kasindi, na ikifika Butembo bei imeshapanda. Kwa hiyo mkulima akisikia kuna urea yenye ganda, inayotoa naitrojeni polepole na kutiwa mara moja tu kwa msimu mzima, lazima avutiwe.

Asikimbilie kununua. Baadhi ya sifa za mbolea hiyo zimetoka nchi kame, ambako urea ikibaki juu ya udongo naitrojeni yake hupotea hewani. Kwetu mwizi ni mvua: huizamisha chini ya mizizi au kuiteremsha bondeni. Tena ganda hufunguka kwa unyevu na joto. Penye baridi, kwenye mwinuko wa mita 2,000, linaweza kuchelewa, na ngano huihitaji sana naitrojeni tangu inapotoa machipukizi hadi shina linaporefuka. Ikija baada ya masuke, haiongezi mavuno kwa kiasi cha maana.

Anza na glasi ya maji. Tia kijiko cha urea ya kawaida, koroga: itayeyuka upesi, na mkono utahisi glasi inapoa. Yenye ganda inapaswa kubaki punje. Ikiyeyuka karibu yote, ganda limeharibika au umeuziwa kitu kingine.

Shambani, pima vipande vitatu vya mita 5 kwa 4. Kimoja kisipate naitrojeni, cha pili kipate urea ya kawaida kwa awamu mbili (wakati wa kupanda na wakati wa machipukizi), cha tatu kipate ya ganda mara moja, ikifukiwa wakati wa kupanda. Fosforasi iwe sawa kote. Rudia hivyo hadi upate makundi matatu, na hapa ndipo majaribio mengi ya mlimani yanapoharibika: vipande vitatu vya kundi moja vikae usawa mmoja, kukata mteremko, kwa sababu udongo wa sehemu ya chini ya mteremko huwa na rutuba kuliko wa juu. Ukiweka mbolea mpya chini na ya zamani juu, umepima mlima. Piga kura kipi kipate nini, na chimba mfereji upande wa juu wa kila kipande ili maji yasihamishe mbolea ya jirani.

Linganisha naitrojeni, si uzito wa mbolea. Kwa kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, urea ya asilimia 46 ni gramu 261 kwa kipande, ukijumlisha awamu zote mbili. Yenye ganda la salfa, ambayo naitrojeni yake ni asilimia 37, ni gramu 324. Soma asilimia kwenye gunia.

Siku ya kuvuna acha kingo, kata katikati mita 4 kwa 2.5. Hizo ni mita za mraba 10, basi kila kilo ya nafaka kavu ni tani moja kwa hekta. Piga hesabu ya thamani ya ngano iliyoongezeka kwa bei ya soko lako, toa gharama ya mbolea, na usisahau vibarua wa awamu ya pili. Kama vipande vilivyopata mbolea ileile vinapishana zaidi kuliko mbolea zenyewe zinavyopishana, bado hujapata jibu. Rudia msimu ujao kabla ya kutoa pesa ya gunia.